Hatari ya Blackpool haiko unakoitazama, baba wa muuguzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita. Alisema binti yake, muuguzi, amepata kazi katika mji wa Blackpool, pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na yeye amemkataza kwenda. Alitumiwa kwenye simu orodha ya miji yenye uhalifu mwingi nchini humo, akaikuta Blackpool iko juu. Akauliza kama kuna msomaji anayeishi huko amweleze ukweli.

Mimi naishi Blackpool, huu ni mwaka wangu wa saba. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwalaza. Natoka nyumbani saa 12 kasorobo asubuhi, na siku nyingine narudi saa 5 usiku, kwa miguu, maana gari sina. Mji huu naujua gizani kuliko ninavyoujua mchana.

Baba, shikamoo. Mimi pia nina binti, na barua yako niliisoma mara tatu. Sitakudanganya kwamba huku hakuna baya. Baya lipo, nimelishika kwa mikono yangu. Ila haliko pale orodha hiyo inapokuonyesha, na nisingependa umwandae mwanao kwa jambo ambalo halitamfika, halafu lile linaloweza kumfika likamkuta hajui lolote.

Nianze na orodha yenyewe, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza ilininyima usingizi hata mimi. Orodha kama hizo huchukua makosa yote yaliyoandikishwa polisi katika mji, zikayagawa kwa idadi ya wakazi, kisha zikatangaza kuwa kuna makosa kadhaa kwa kila watu 1,000. Sasa angalia. Sensa ya 2021 iliwakuta Blackpool watu takriban 141,000. Wageni wanaokuja kutembea, kwa hesabu ya halmashauri ya mji, hupita milioni 20 kwa mwaka. Wanakuja kupanda Mnara uliofunguliwa 1894, kupanda mabembea ya bustani ya michezo ya Pleasure Beach, kutazama taa za rangi za ufukweni ambazo asili yake ni 1879, na wengine wanakuja kunywa tu, Ijumaa hadi Jumapili. Kijana wa Glasgow akimpiga ngumi kijana wa Bolton mlangoni mwa baa saa 7 usiku, kosa linaandikwa Blackpool. Wao wawili hawamo katika wale 141,000. Jumapili wanapanda treni wanakwenda zao, na kosa lao linagawanywa kwa bibi ninayemwogesha, ambaye hajatoka nje tangu Krismasi.

Ukitaka kuona jinsi hesabu hii inavyopotosha, tazama lile eneo la mabenki katikati ya London liitwalo City of London. Wakazi wake ni takriban 8,600 tu, ilhali mamia ya maelfu huingia kila asubuhi kufanya kazi. Ukigawa makosa yote ya pale kwa wale wachache wanaolala pale, utapata mahali pa kutisha kuliko pote Uingereza, na hakuna mtu anayeamini hivyo.

Kuna pia ramani ya polisi ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye intaneti akaona makosa ya kila mwezi, mtaa kwa mtaa. Nadhani binti yako ameshaifungua. Mwambie asiogope akiona nukta imekaa mlangoni mwa nyumba anayotaka kupanga. Polisi hawaonyeshi mahali halisi, ili kumlinda aliyedhulumiwa. Kosa husogezwa hadi nukta ya jirani iliyopangwa tangu mwanzo, na kila nukta lazima ihusishe angalau anwani 8 au isihusishe hata moja. Nukta ya mtaa wangu hubeba mambo ya maegesho ya magari na duka kubwa lililo kona. Na katika ramani hiyo fungu la ukatili ni pana mno: ndani yake mna mtu aliyevunjwa taya, na mna mtu aliyetumiwa ujumbe wa vitisho na mpenzi wake wa zamani.

Kuhusu mauaji, ambayo ndiyo uliyoyataja zaidi: England na Wales, sehemu mbili kati ya zile zinazounda Uingereza, kwa pamoja zina watu takriban milioni 60, na waliouawa katika miaka ya karibuni hawafiki 600 kwa mwaka. Karibu theluthi moja ya makosa yote ya ukatili dhidi ya watu yanayoandikishwa polisi ni ya majumbani, mume na mke, mtoto na mzazi, watu waliowahi kupendana. Mgeni anayevizia nyuma ya nguzo ya taa, yule ambaye mimi na wewe tunamwona usingizini, ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo.

Lakini ukiwatoa wageni wote, ukazitoa na nukta zilizosogezwa, bado kinabaki kitu, na hicho hakimo kwenye orodha yako.

Nyuma ya barabara ya ufukweni kuna mitaa mingi ya nyumba ndefu za matofali, ghorofa tatu au nne, zimebanana ukuta kwa ukuta. Zote zilijengwa ziwe nyumba za wageni. Reli ilifika hapa 1846, na miji ya viwanda vya pamba ya mkoa wa Lancashire ilikuwa ikifunga viwanda wiki nzima, mji mmoja baada ya mwingine, wafanyakazi wote wakaja baharini. Kila nyumba ilikuwa na vyumba vidogo vinane au kumi, na mama mwenye nyumba aliyepika kifungua kinywa na kufunga mlango wa mbele usiku. Ilipofika miaka ya 1960 na 1970 ndege za bei nafuu za kwenda Uhispania zikawachukua wageni wa wiki nzima. Nyumba zikabaki tupu. Wenye nyumba wakagundua kwamba kila chumba kinaweza kuwekewa jiko dogo pembeni na kupangishwa peke yake, na serikali ikamlipia pango mpangaji asiye na kazi. Hapo mama wa kufunga mlango usiku akawa hayupo tena.

Wanaokaa humo ndio wateja wangu. Wengi hawakuzaliwa Blackpool. Walitoka Manchester, Leeds, Glasgow, wakiwa wameachika, au wametoka jela, au akili imechoka, wakakumbuka kuwa utotoni palikuwa na mahali walipofurahi. Mmoja aliniambia alikuja kwa sababu hapa ndipo baba yake alipomnunulia aiskrimu akiwa na miaka 7, na hakumbuki mahali pengine baba yake alipocheka. Basi akapanda treni na mfuko mmoja. Alikutana na chumba chenye ukungu ukutani, jirani anayekohoa upande wa pili wa mbao, na mlango wa mbele ambao kufuli lake limevunjika na haulazimu mtu yeyote kuurekebisha kesho.

Mwaka 2019 serikali ya Uingereza ilipopanga vitongoji vyote vya England kwa ufukara, kati ya 10 vilivyo hoi zaidi 8 vilikuwa Blackpool. Wanaume wa hapa wana wastani mfupi kabisa wa maisha katika England nzima, haufiki hata miaka 75. Vifo vya dawa za kulevya tumekuwa mstari wa mbele miaka na miaka. Mganga mkuu wa England, Chris Whitty, aliandika ripoti nzima mwaka 2021 kuhusu afya ya miji ya pwani na kusema kwamba shida zake zimefichwa kwa sababu huchanganywa katika wastani wa mikoa yenye neema. Mimi nilipoisoma nilisema ndiyo, ndivyo. Msafiri huona taa na bahari. Vichochoro vya nyuma havioni.

Sasa nisikilize hapa, baba, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asitambulike.

Nilikuwa na mzee wa miaka sitini na kitu, amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, anakaa chumba cha chini katika nyumba ya namna hiyo. Ufunguo wake ulikaa katika kisanduku cha chuma ukutani, unabonyeza tarakimu nne kinafunguka. Sisi wahudumu tunaishi kwa visanduku hivyo. Asubuhi moja nimefungua, ufunguo hamna. Nikagonga. Akanifungulia mtoto. Nasema mtoto kwa maana hakuzidi miaka 15, mwembamba, viatu vya bei kubwa, lafudhi ya Liverpool. Akasema yeye ni mjukuu wa rafiki wa mzee. Mzee nilimkuta jikoni kwenye kiti, hakulala kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuniuliza habari za binti yangu. Nikamsafisha kidonda. Mezani kulikuwa na simu tatu za bei rahisi zikilia kwa zamu, na yule mtoto akizipokea kwa neno moja moja huku akila nafaka kavu kutoka kwenye boksi, bila maziwa.

Siku ya pili walikuwa watatu, wawili wakubwa zaidi. Siku ya tatu mzee alikuwa na alama shingoni. Akanishika mkono wakati namfunga bandeji, akaubana, hakusema kitu.

Polisi wa hapa wameupa mtindo huu jina la "cuckoo", yule ndege anayetaga mayai katika kiota cha mwenzake. Genge la mji mkubwa, kwetu mara nyingi Liverpool au Manchester, linakuwa na laini moja ya simu, na kila mtumiaji wa heroini au kokeini katika mji wetu anaijua namba hiyo. Linatafuta mtu dhaifu mwenye chumba, mlemavu, mlevi, mpweke, linaingia kwa urafiki na dawa ya bure, kisha linakaa. Na kwa kuwa mtoto hashukiwi haraka na hufungwa kwa shida, wanaotumwa kusafirisha ni watoto, wengine wametoroka makao ya kulelea watoto. Mzigo wanabeba wao, kipigo cha mzigo ukipotea wanapigwa wao.

Nilitoa taarifa kazini siku ileile ya kwanza. Kampuni niliyokuwa nayo wakati huo ilinipa fomu nijaze, nikajaza, na kwa siku tisa hakuna aliyenyanyuka. Waliniambia tu niendelee na ratiba. Nilikuwa naingia mle kila asubuhi na magoti yakinitetemeka. Siku ya kumi nilipiga 101, ambayo ni namba ya polisi kwa jambo lisilo la dakika hiyohiyo, na jioni nikapiga pia kwa Crimestoppers, shirika la hisani linalopokea habari bila kukuuliza jina. Hazikupita siku nyingi polisi wakaja alfajiri. Nilipofika kwa zamu wale wawili wakubwa walikuwa wameshapakiwa. Yule mtoto alikuwa amekaa ngazini amefunikwa blanketi, askari wa kike amepiga magoti mbele yake akimuuliza polepole kama ana baridi. Nilikaa upande wa pili wa barabara nikalia, sina haya kusema. Sheria ya 2015 ya kupambana na utumwa mambo-leo inaruhusu mtoto aliyetumiwa namna ile atazamwe kama aliyedhulumiwa, na mwaka 2025 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kufanya uvamizi wa nyumba wa aina hii uwe kosa lenye jina lake. Imechelewa, lakini nashukuru.

Mzee wangu alibadilishiwa kufuli. Mpaka leo ananitaka nigonge mara tatu na nitaje jina langu ndipo nitumie ufunguo, na mimi nagonga.

Kwa hiyo ukiniuliza Blackpool ni hatari kwa nani, jibu ninalo. Ni kwa yule asiyeweza kufunga mlango wake mwenyewe. Usiku ninapopita ufukweni na mkoba wangu, miaka saba sasa, sijawahi kuguswa. Nimezomewa na walevi mara nyingi. Mmoja alinifuata hatua kadhaa karibu na gati la North Pier, nikaingia hotelini, mlinzi akasimama nami mpaka akaondoka. Basi. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote ya barabarani, na naitoa kama ilivyo kwa kuwa uliomba ukweli.

Uliuliza pia kuhusu ghasia za 2024, na hapo nakiri kwamba niliogopa. Tarehe 29 Julai wasichana wadogo watatu waliuawa kwa kisu katika darasa la dansi huko Southport, mji wa pwani kama wetu, ng'ambo tu ya mdomo wa mto Ribble. Uongo ukasambaa kwamba muuaji ni mkimbizi aliyeingia kwa boti. Alikuwa kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Cardiff, na Januari 2025 alihukumiwa kifungo cha maisha, asiweze kufikiriwa kuachiwa kabla ya miaka 52. Lakini uongo ulishakimbia. Usiku uliofuata msikiti wa Southport ulishambuliwa kwa matofali, na Jumamosi tarehe 3 Agosti vurugu zikafika mjini kwetu. Siku hiyo kulikuwa na tamasha la muziki wa panki katika ukumbi wa Winter Gardens, watu wazima wa miaka hamsini na sitini wenye nywele za rangi zilizosimama kama kishungi cha jogoo, na kundi la wapinga-wageni lilipokuja mjini, hao ndio waliosimama kulikabili. Sikuyajua hayo wakati ule. Nilikuwa kwa bibi asiyeweza kuinuka kitandani, simu ya ofisi ikiniambia naweza kwenda nyumbani. Nitamwachaje? Nilimaliza kazi, na binti wa yule bibi, mwanamke Mwingereza ambaye tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, alinirudisha kwa gari lake akapitia njia ya nyuma ya bustani ya Stanley Park. Wiki iliyofuata jirani yangu alinisindikiza kituoni kila asubuhi. Nchi nzima walikamatwa zaidi ya watu 1,000 na mahakama zikafanya kazi haraka. Bado neno chafu hutupwa kwenye basi mara mojamoja. Binti yako ajue kwamba neno hilo likiwa la kumdhalilisha kwa rangi au dini yake, anaweza kulipeleka polisi na litaandikwa.

Jambo jingine ambalo wazazi hawaliulizi kabisa ni bahari. Januari 1983 mtu aliingia majini kumfuata mbwa wake, kaskazini mwa mji karibu na Gynn Square, na askari polisi watatu walioingia kumwokoa wakafa pamoja naye. Upepo wa magharibi ukipiga wakati maji yamejaa, mawimbi hupanda ukuta na kuvuka hadi barabarani. Kwa muuguzi mgeni anayetaka kupiga picha baada ya zamu, ukuta ule naupa uzito kuliko kichochoro chochote.

Sasa kama utamruhusu, na naomba umruhusu, maneno yangu ni haya. Nguvu zake zote aziweke kwenye nyumba. Kabla hajalipa chochote asimame nje aangalie mlango wa mbele: unajifunga wenyewe, au umeachwa wazi na jiwe? Kengele ngapi ziko ukutani? Nyumba inayokaliwa na watu 5 au zaidi wasio wa familia moja lazima iwe na leseni ya halmashauri, na orodha ya leseni hizo iko wazi kwa yeyote anayeuliza, kwa hiyo aulize. Amana atakayodaiwa isizidi pango la wiki tano, na ndani ya siku 30 lazima iwe imewekwa katika mfuko wa ulinzi unaotambuliwa na serikali. Mwenye nyumba anayekasirika kuulizwa hayo, amwache. Akipata jirani mpole aliye peke yake, amsalimie kila siku, na siku mlango wa jirani huyo ukianza kufunguliwa na watoto asiowajua, apige 101. Akiona mtu anaumizwa sasa hivi, 999.

Na wewe baba, najua upendo wako, lakini usimfungashie kisu wala ile dawa ya kupuliza machoni. Hapa dawa hiyo ni silaha iliyopigwa marufuku katika sheria ya silaha ya 1968, na kubeba kisu kwa kujilinda ni kosa pia. Muuguzi akikutwa na kitu hicho mkobani atajiharibia kazi na kibali kwa siku moja. Mnunulie koti lisilopitisha upepo.

Treni yake itaishia Blackpool North. Tangu Juni 2024 tramu inafika hadi hapo, na inapita katikati ya mwanga ufukweni kote. Namba yangu ya simu nimemwachia Mhariri akupe wewe mwenyewe. Anipigie akishapita mji wa Preston, maana kutoka hapo ni kama nusu saa. Kama zamu imekwisha atanikuta mlangoni, na kama bado nina mtu wa kumlaza, akae ndani ya stesheni penye watu anisubiri, nakuja.

Wako katika kusoma,

Mhudumu wa wazee,
Blackpool, Uingereza
(Jina limehifadhiwa)